Behewa la Tatu Kutoka Mkiani

SEHEMU YA SABA

Wiki iliyopita tulimwacha Levina mlangoni mwa behewa, kandambili moja ya mama yake mkononi. Najua wapo mliosema, "Ah, mama kaenda msalani tu." Msalani alishapita. Mlango wa kwanza ulikuwa wazi na mtupu. Wa pili ulifunguliwa na bwana mmoja mwenye povu la sabuni kidevuni, akamuuliza kama kwao hawakumfundisha kubisha hodi.

"Mama!" Levina aliita tena.

Kitanda cha Bi Apolinaria kilikuwa kimetandikwa vizuri. Rozari ipo, mkoba upo, shali ipo. Mwenye navyo hayupo.

Kwa aliyeanza kusoma leo, nitasema upesi. Mzee Hilari na mkewe Bi Apolinaria ni wakulima wa tumbaku wa Goweko. Mtoto wao wa mwisho, Shemasi Xavery, anapadirishwa Kigoma Jumamosi hii, na leo ni Alhamisi. Levina, dada yake, anauza dawa za mifugo Tabora mjini, na ndiye anayewasindikiza wazazi. Treni yao imesimama Kaliua siku ya tatu sasa, kwa kuwa mvua imebomoa tuta la reli huko mbele.

Sikufichi, siku mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Watu walianika nguo madirishani, wakachoma mahindi kando ya reli, wakalala mchana bila kuulizwa na mtu. Mzee Hilari aliwafunga abiria watano kwenye drafti kwa kete za vifuniko vya soda. Bi Apolinaria alimkalisha bintiye chini, akamsuka nywele kama alivyomsuka akiwa darasa la pili. Levina hakumbuki lini mara ya mwisho alikaa na wazazi wake kutwa nzima bila jembe wala sufuria kati yao. Jana alijikuta akiomba tuta lisitengenezwe haraka. Dua nyingine, ndugu zangu, bora usiombe.

Maana Levina alikuwa na siri. Mwezi uliopita daktari alimwita pembeni, akamwambia: mama yako ana ugonjwa wa kusahau. Leo atasahau sufuria jikoni, kesho atasahau njia ya nyumbani, na iko siku atawasahau ninyi. Levina akalia peke yake, akanawa uso, akatoka na kumwambia baba yake kuwa ni uchovu wa uzee tu.

Na leo, saa nne asubuhi, alipitiwa na usingizi. Nusu saa tu. Alipoamka akaikuta ile kandambili moja kwenye ngazi.

Aliruka chini, akakimbilia benchi la stesheni.

"Baba, mama hayupo!"

Mzee Hilari alikuwa ameinama juu ya drafti. "Hayupo wapi?"

"Hayupo kokote! Nimetafuta behewa zima."

Mzee akala kete mbili kwa mpigo, akaziweka pembeni bila haraka. "Muulize mtani wangu. Ndiye anaye."

Moyo wa Levina ukatulia kidogo. Kumbe mtani!

Mtani huyo ni Nestory, fundi cherehani, Mgogo wa Bahi, aliyelala chumba kimoja na Mzee Hilari tangu Tabora. Kati ya Mnyamwezi na Mgogo upo utani wa enzi za misafara. Mnyamwezi alikuwa akibeba pembe kwenda pwani, na akifika Ugogo anasimamishwa: hupiti hapa bila hongo. Misafara ilikwisha zamani, hongo haikuisha. Wajukuu wanadaiana hadi leo kwa kucheka.

Juzi Nestory aliteka kofia ya mzee, ikakombolewa kwa yai la kuchemsha. Akateka miwani, ikakombolewa kwa kipande cha muhogo. Jana akateka mkongojo, ukarudi kwa kikombe cha chai. Kisha akatangaza mbele ya behewa zima: "Kesho nateka mke!" Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mtani hanuniwi. Anayemnunia mtani wake huonekana hakulelewa.

Levina alimkuta barazani, amekunja miguu, anapuliza chai.

"Shikamoo mtani. Mama yangu unaye wewe?"

Nestory hata hakuinua macho. "Marahaba. Ninaye. Nimemfungia penye giza. Mpagazi hapiti bila hongo."

"Hongo gani?"

"Jogoo. Mwekundu. Na asiwe chongo, nawajua nyinyi Wanyamwezi!"

Levina akacheka. Msomaji wangu, alicheka! Alicheka kwa nafuu aliyoipata, akajifuta jasho, akaenda sokoni nyuma ya stesheni kumtafuta jogoo. Wa kwanza alikuwa mweupe. Wa pili mwekundu, lakini anachechemea. Akazunguka, akapatana, akamkagua macho yote mawili. Ikapita nusu saa nyingine.

Alipokuwa akirudi, honi ililia. Siyo ya treni yao. Ilikuwa treni ya Mpanda, kwenye njia ya pili, inaondoka. Watu wa Kigoma waliobaki wakapiga mbinja na kupunga mikono kwa wivu. Madirishani nao wakapunga. Mkono mmoja wa kizee ulipunga muda mrefu kuliko yote, na Levina, jogoo kwapani, jua machoni, akaupungia pia. Akasema moyoni: hao wana bahati, wanaondoka.

Akafika barazani. "Haya, hongo hiyo. Nipe mama yangu."

Nestory akampokea jogoo, akamgeuza, akamfunua kope. "Mzima huyu! Leo Mnyamwezi amelipa kama mtu. Haya, umeachiwa. Kamchukue mama."

"Wapi?"

"Popote alipo."

"Mtani, si umesema umemfungia?"

"Nimfungie na nini? Mimi nimekaa hapa tangu saa tatu, waulize hawa."

"Mtani." Sauti ya Levina ikabadilika. "Hongo nimeshalipa. Utani umekwisha. Mama yuko wapi?"

Nestory akamtazama kwa mara ya kwanza. Kicheko kikamtoka usoni polepole. "Kwani… hayupo kweli?"

Jogoo akamponyoka, akakimbilia relini akipiga kelele, na hakuna aliyemfukuza.

"Mnamtafuta yule mayu, yule mama mzee wa kitenge cha bluu?" Sauti ilitoka pembeni. Alikuwa Siwema, mwanamke anayeuza matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, sinia likiwa kichwani. "Mguu mmoja peku?"

"Huyo huyo! Umemwona?"

"Nimemuuzia mimi. Akanisalimia vizuri, mwangaluka, akaniuliza habari za watoto. Kisha akarudi kwenye behewa lake."

"Behewa lipi, dada? Hayumo!"

"Lile pale. Nilimwona akihesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Akapanda."

"Lipi?"

Siwema akanyoosha mkono, ukabaki hewani. Mbele yake palikuwa na njia ya pili, mawe na reli tupu, na ng'ombe mmoja akivuka.

Levina akakaa chini pale pale vumbini.

Ngoja niwaeleze alichokielewa, maana kilimwingia chote kwa mara moja. Siku ya kwanza alimfundisha mama yake hivi: "Mama, ukishuka, ukitaka kurudi, hesabu kutoka mkiani. Moja, mbili, la tatu ndilo letu." Bi Apolinaria alirudia kama mtoto wa katekisimu hadi akaweza. Na ilikuwa kweli, kwa sababu nyuma yao yalifungwa mabehewa mawili ya Mpanda. Lakini leo asubuhi kilikuja kichwa kingine cha treni. Kikayakata yale mawili, kikayaweka njia ya pili, kikayaunganisha na mengine yaliyokuwa yakisubiri. Treni moja ikawa mbili, zimesimama ubavu kwa ubavu.

Mama hakusahau. Hicho ndicho kilichomchoma Levina. Katika yote yanayompotea, hilo moja alilofundishwa na bintiye alilishika neno kwa neno. Alihesabu sawasawa, akapanda la tatu, na likaondoka naye.

Na ule mkono dirishani! Levina aliupungia mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akamuaga mama yake akicheka.

"Inuka," Nestory alisema. "Inuka, mwanangu, twende kwa mzee."

Mzee Hilari alikuwa anapanga kete upya.

"Baba, mama ameondoka na treni ya Mpanda."

Mzee akaangua kicheko. "Mtani huyu! Leo amekufundisha na wewe? Haya, safari hii mnataka nini, ng'ombe?"

"Baba, si utani."

"Ndivyo watani wasemavyo."

"Baba!" Levina akapiga magoti mbele ya benchi, watu wote wakageuka. "Mama anaumwa! Nilikuficha. Daktari aliniambia mimi. Si uchovu, baba, ni ugonjwa, anasahau, kila siku anasahau zaidi! Hana simu. Hana hata kiatu. Atashuka porini, hatajua ametoka wapi wala anakwenda wapi. Nisamehe, baba. Nisamehe."

Kicheko kilikatika. Yule aliyekuwa akicheza naye akasogea, kisha akaondoka kabisa kwa adabu. Mzee Hilari alikaa akitazama vifuniko vya soda mbele yake.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba anaumwa. Nilijua kabla yako. Mwaka jana tukivuna tumbaku aliniita Masolwa. Masolwa ni kaka yangu, tulimzika zamani. Nikamwitikia. Ningefanyaje? Tangu siku ile, akiniita Masolwa naitika." Akageuza kifuniko kimoja cha soda. "Sikukuambia usije ukafunga duka lako na kurudi Goweko kwa ajili yetu."

Mwezi mzima walikuwa wakimficha mgonjwa mmoja, kila mtu na pazia lake.

"Sasa kwa nini ulikaa hapa unacheza?" alilia. "Kama ulijua, baba, kwa nini ulikaa?"

"Kwa sababu nilimkabidhi kwa mtu." Mzee Hilari akainua kichwa, akamtazama Nestory. "Nilimkabidhi kwako."

Nestory akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mzee wangu… asubuhi uliniambia, 'Mtani, huyu mke nakuachia wewe. Ukimpoteza utanilipa ng'ombe saba.' Nikacheka! Nikasema, 'Nimempokea.' Na wewe ulicheka, mzee!"

"Nilicheka kwa aibu," Mzee Hilari alisema. "Mwanamume gani anamwambia mwenzake wazi wazi kwamba mke wake hajui njia? Nikasema nitalitia katika utani, mtani ataelewa."

"Sikuelewa. Naapa kwa Mungu, sikuelewa."

Mzee hakumgombeza. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Alijaribu kuinuka, mkongojo ukateleza, na Nestory ndiye aliyemdaka kabla hajaanguka. Wakaenda hivyo hivyo, Mgogo amembeba Mnyamwezi kwapani, hadi ofisi ya msimamizi wa stesheni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulisema hilo kwa mzaha.

Msimamizi alikuwa mama mmoja aitwaye Adelina, mwenye miwani ya kamba. Aliwasikiliza sentensi mbili tu, akanyakua simu yake ya mkononi.

"Gadi wa treni ya Mpanda ana namba. Mtandao ukikubali."

Mtandao ukakataa. Akapiga tena, ukakataa. Levina aliusoma ukuta wa ofisi ile juu mpaka chini bila kuona neno. Mpanda iko mbali, na kati yake na Kaliua ni misitu ya miombo, vituo vidogo na mto Ugalla wenye mamba. Mama yake alikuwa huko na mfuko wa matobolwa.

Mara ya tatu simu ikaita. Adelina akaweka sauti kubwa.

"Gadi, nenda behewa la tatu kutoka mkiani. Kuna mama mzee, kitenge cha bluu, mguu mmoja peku. Amekosea treni. Usimwache ashuke!"

"Mama wa kitenge cha bluu?" Sauti ilikuja ikikatika. "Huyo ameshashuka. Hapa kituo kidogo cha kwanza. Ndiyo kwanza tunaondoka."

Levina akaziba mdomo kwa viganja.

"Peke yake?" Adelina alipiga kelele. "Ameshuka peke yake?"

"Hapana, msiwe na wasiwasi. Ameshuka na mwanawe."

Watu wanne ndani ya ofisi ile wakatazamana.

"Mwanawe yupi?" Levina aliinamia simu. "Kaka, mwanawe yupi?"

"Kijana mmoja wa shati jeupe. Walikuwa wamekaa pamoja tangu Kaliua. Mama alikuwa akimwita Xavery, Xavery, na kijana anaitika vizuri kabisa. Kanisaidia hata kumshusha mama ngazi. Mtoto ana adabu yule."

"Gadi, simamisha treni!"

Lakini mtandao ulishakwenda zake.

Mzee Hilari alikaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa. "Mimi nilimwitikia kwa sababu nampenda," alisema taratibu. "Huyo yeye kamwitikia kwa nini?"

Hapo hapo nje kukazuka shangwe. Honi ya treni ya Kigoma ililia mara mbili. Tuta limetengenezwa! Watu walikuwa wanaanua nguo, wanabeba masufuria, wanaitana majina. Siku tatu wameingoja sauti hiyo, na sasa Levina aliisikia akatamani kuziba masikio.

"Dakika kumi," Adelina alisema, akikwepa macho yao. "Sina uwezo wa kuizuia. Ina abiria mia tano."

"Nendeni," Nestory alisema. "Mkamuone mtoto wenu akipata upadre. Mimi nitamfuata mama. Ndiye niliyempokea."

"Padri atapatikana na mwaka mwingine," Mzee Hilari alisema. "Mke wangu ni huyo huyo mmoja."

Adelina akafikiri, akavua miwani. "Kuna kiberenge cha mafundi kinaelekea njia hiyo hiyo ya Mpanda sasa hivi. Hakipakii abiria. Lakini nikimwomba dereva mwenyewe, atawabeba watatu."

Walitoka wakikimbia, mzee katikati, Levina kushoto, Nestory kulia. Kiberenge kilikuwa kinaunguruma mwisho wa stesheni, mafundi wanapakia makoleo. Nyuma yao treni ya Kigoma ilianza kusogea, na ndani yake rozari, shali, na kile kitambaa cheupe alichokitarizi Bi Apolinaria miaka mitatu kwa ajili ya altare ya mwanawe. Levina hakugeuka.

Walikuwa wamebakisha hatua kama ishirini simu yake ilipolia. Akaitazama. Xavery.

"Dada! Nimesikia tuta limekwisha! Mnaingia lini? Hebu mpe mama simu nimsalimie."

Levina akamgeukia baba yake. Mzee Hilari akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Xavery, mwanangu. Wewe uko wapi?"

"Niko Kigoma, baba. Shikamoo. Kwani vipi?"

"Marahaba. Mama yako ameshuka treni porini na kijana wa shati jeupe. Kijana huyo ameitikia jina lako."

Mzee aliitoa simu sikioni akatazama kama haijakatika.

"Baba." Sauti iliyorudi haikuwa ile inayosoma Injili kanisani. "Nisikilize. Namjua. Huyo hamtaki mama mwenyewe, anataka kitu nilichompa mama anitunzie mwaka juzi, nilipokuja likizo. Sikuwaambia, nilidhani yamekwisha. Si mtu mwema, baba, akinyimwa hana huruma. Lakini akipata anachotaka ataondoka zake. Kwa hiyo msihofu sana."

"Tusihofu?"

"Alikificha mwenyewe, hata mimi hakuniambia wapi. Huyo atamuuliza tu kilipo, mama atamtajia, basi, yatakwisha. Mama namwamini, baba. Mama hasahau kitu."

Mzee Hilari aliishusha simu polepole, akamtazama Levina. Levina akamtazama yeye. Mwezi mzima wa kufichana, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemwambia Xavery.